Ngiri ya kitovu kwa mtoto wa miaka mitatu: daktari mmoja kasema apasuliwe, mwingine kasema tusubiri. Waliopitia hili njooni

MamaNasra (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Binti yangu ana miaka mitatu na miezi kadhaa. Alizaliwa njiti, na tangu kitovu kilipodondoka kimebaki kimetokeza nje. Akilia au akijikamua chooni kinajaa, akilala kinarudi chenyewe. Hakimuumi. Anakula vizuri, anacheza na wenzake, choo anapata kila siku.

Wiki iliyopita nilimpeleka kituo cha afya kwa sababu ya homa. Daktari aliyekuwepo alipomfunua tumbo akasema hii ni ngiri ya kitovu, akaniandikia rufaa nikamwone daktari wa upasuaji, akasisitiza nisichelewe. Nikaenda hospitali nyingine kusikia maoni ya pili. Yule akamlaza, akakibonyeza kitovu kwa kidole, akaniambia nisubiri mpaka mtoto afike miaka mitano.

Sasa nyumbani hatuelewani. Baba yake anataka apasuliwe sasa hivi, hoja yake ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure hospitali za serikali, akishavuka hapo gharama zote ni zetu. Mama mkwe anasema mtoto ana chango, hospitali hawalijui, afungwe sarafu na kitambaa mpaka kitovu kizame. Mimi naogopa nusu kaputi kwa mtoto mdogo hivi, na wakati huohuo naogopa kusubiri halafu siku moja utumbo ukwame.

Naomba mwenye uelewa anieleze: tunaposubiri, tunasubiri nini hasa? Na nitajuaje kwamba muda wa kusubiri umekwisha?

Chande_wa_Temeke

Pole dada. Wangu wa kwanza alikuwa nacho, kinene kuzidi kidole gumba cha mtu mzima. Anaanza chekechea hakipo tena. Hatukumpa dawa yoyote wala kumfunga kitu. Subiri tu.

Mlandizi_Kwetu

Mimi hiyo "subiri tu" siikubali, na nina sababu.

Mtoto wa dada yangu yuko kijijini. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri. Usiku mmoja wa masika kitovu kikawa kigumu, kikagoma kurudi, mtoto analia na kutapika. Barabara ilikuwa imekatika. Mpaka bodaboda ipatikane, mpaka wafike kituo cha afya ambako upasuaji haufanyiki, mpaka gari la wagonjwa litiwe mafuta, jua lilikuwa limeshapanda. Walimkata kipande cha utumbo. Yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini alikaa wodini muda mrefu na kidonda kikaoza.

Kwa hiyo anayemwambia mzazi asubiri amuulize kwanza: unaishi wapi, na usiku wa manane utafikaje hospitali?

DaktariMsaidizi

Mama Nasra, umefanya vizuri kutafuta maoni ya pili. Mimi ni daktari msaidizi, nimefanya kazi za upasuaji hospitali za wilaya miaka mingi. Nitaandika kirefu kidogo, na hoja ya ndugu yangu wa Mlandizi nitairudia kwa sababu ni nzito.

Kila mtoto akiwa tumboni mwa mama yake ana tundu kwenye ukuta wa tumbo, pale mishipa ya kitovu inapopitia. Akishazaliwa na kitovu kikidondoka, tundu hilo hujifunga taratibu. Kwa baadhi ya watoto linachelewa. Mtoto akilia, akikohoa au akijikamua, mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo husukumwa kupitia hapo na kuvimba chini ya ngozi. Kulia hakuleti ngiri, kunaionyesha tu. Watoto wa Kiafrika wanayo kwa wingi kuliko wengine, na njiti ndio zaidi. Utaiona mara nyingi pia kwa watoto wenye sindromu ya Down na wale ambao tezi ya shingo haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo mtoto mwenye ngiri ambaye pia anafunga choo sana, amelegea na hakui, huyo apimwe na tezi.

Wazazi wengi wanatazama urefu wa kitovu. Sisi tunatafuta upana wa tundu. Unaweza kukuta kitovu kinaning'inia, lakini tundu lililo chini yake halipitishi hata ncha ya kidole cha mwisho. Hilo lina nafasi kubwa ya kufunga. Na unaweza kukuta kitovu kimeinuka kidogo tu, lakini kidole cha shahada kinazama. Ndiyo maana yule daktari wa pili alimlaza mtoto. Anatakiwa awe ametulia, amelala chali, kitovu kinarudishwa ndani polepole mpaka usikie kimlio cha hewa na maji utumbo unaporudi mahali pake, halafu ncha ya kidole inatafuta ukingo. Ukingo unausikia wazi, mgumu na wa mviringo, kama wa tundu la kifungo cha koti. Hapo ndipo unakadiria sentimita.

Tundu la chini ya sentimita 1 kwa kawaida hufunga lenyewe. Lililozidi sentimita 1.5 mara nyingi halifungi kabla mtoto hajafika umri wa shule. Ukichukua watoto wote wenye ngiri hii, kama 8 au 9 kati ya 10 hupona bila kuguswa na kisu kabla ya miaka 5. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinawashauri wanachama wake wasiharakishe kuwapeleka watoto hawa kwa daktari wa upasuaji kabla ya miaka 4 au 5 kama hawana dalili. Sababu nyingine ni kwamba matatizo ya baada ya upasuaji, hasa ya usingizi wa nusu kaputi na kupumua, huwapata zaidi walio chini ya umri huo.

Tunachosubiri, basi, ni tundu kupungua. Rudi kwa aliyempima umuulize lina sentimita ngapi, na aandike kwenye kadi. Baada ya miezi sita lipimwe tena. Likiwa linapungua, unaendelea kusubiri kwa amani. Likiwa halijasogea hata kidogo na mtoto anakaribia miaka mitano, panga upasuaji.

Tahadhari moja: hakikisha ni kitovu kweli. Kuna ngiri inayotokea juu kidogo ya kitovu, kwenye mstari wa katikati ya tumbo. Hiyo haijifungi, na kuisubiri hakusaidii.

MamaNasra

Ahsante sana daktari, umenifungua macho. Nimeangalia karatasi, imeandikwa "ngiri ya kitovu, arudi akiwa na miaka 5". Sentimita hakuna. Nitarudi.

Na dalili za kunifanya nikimbie hospitali saa hiyohiyo ni zipi?

DaktariMsaidizi

Kitovu kimevimba, kimekuwa kigumu na hakirudi hata mtoto akiwa ametulia au amelala. Kinamuuma ukikigusa. Ngozi imebadilika rangi, imekuwa nyekundu au imekwenda weusi wa zambarau. Anatapika, hasa matapishi ya kijani. Tumbo linajaa, hapati choo wala hatoi hewa. Mtoto mdogo asiyejua kusema utamwona analia kilio ambacho hata ziwa halikinyamazishi.

Usikae kuhesabu kama zimetimia zote. Kitovu kigumu kisichorudi pamoja na maumivu au kutapika kinatosha. Usikilazimishe kwa nguvu kukirudisha, usimpe chakula wala kinywaji njiani kwa sababu huenda akahitaji usingizi, na usipitie kwa mtu yeyote wa kuchua. Utumbo uliobanwa ukikosa damu unaanza kufa kwa saa, hausubiri siku. Nenda moja kwa moja penye upasuaji. Ukipita zahanati, waombe wapige simu mbele kabla hujaondoka.

Mlandizi_Kwetu

Daktari, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu. Lakini bado hujanijibu. Hizo nasaha za Marekani zimeandikwa kwa watu ambao wakipiga simu gari linakuja. Sisi je?

DaktariMsaidizi

Ndugu yangu, hapo uko sahihi.

Vitabu vingi tulivyosomea vinasema kukwama kwa ngiri ya kitovu kwa mtoto ni jambo la nadra mno. Lakini madaktari wa upasuaji wa watoto wa Senegal na Nigeria wameandika kwa miaka mingi kwamba hospitalini kwao watoto waliokwama si wageni, na wapo waliokatwa utumbo. Tafsiri ya takwimu hizo ina ubishi, kwa sababu hospitali kubwa inawaona waliokwama tu, wale maelfu waliopona majumbani haiwaoni. Hata hivyo mimi nimefungua matumbo ya watoto wa namna hiyo, na siwezi kumwambia mzazi wa kijijini kwamba haitokei.

Kwa hiyo mimi binafsi napima mambo mawili kwa pamoja, tundu na umbali. Mtoto anayeishi mjini, tundu dogo, mama anajua dalili: asubiri. Mtoto wa miaka mitatu, tundu la sentimita 2, anaishi mahali ambapo masika yakianza hakuna gari linalopita: huyo nitamwandikia rufaa akafanyiwe kiangazi, kwa mpango, na sitamwambia mama yake arudi baada ya miaka miwili. Na mtoto ambaye kitovu kimewahi kugoma hata mara moja kikarudishwa hospitali, huyo simsubirishi popote anapoishi.

Ila naomba usimgeuze kila mtoto mwenye kitovu kuwa dharura. Usingizi kwa mtoto mdogo unahitaji mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, vifaa vya saizi yao na mashine ya kufuatilia oksijeni. Vitu hivyo havipo kila mahali. Kumharakisha mtoto ambaye angepona mwenyewe, ukampeleka penye usingizi wa kubahatisha, ni kumtoa kwenye hatari ndogo na kumweka kwenye kubwa.

Mlandizi_Kwetu

Hapo tumeelewana. Laiti dada yangu angeambiwa hivyo.

BabaWaWatatu

Kuhusu gharama. Mume wa mleta uzi ana hoja ya maana. Sera inasema chini ya miaka mitano ni bure, lakini tuliopita huko tunajua kuna siku unaandikiwa uzi, glovu na dawa ukanunue nje. Vilevile miaka mitano ikifika hakuna msamaha, na bila bima upasuaji wa kupanga kwa familia ya kipato cha chini ni mzigo.

Ushauri wangu, kama daktari akiona tundu ni kubwa na halipungui, msisubiri keki ya miaka mitano ikatwe. Ingieni kwenye foleni mtoto akiwa na miaka minne na ushee. Foleni zenyewe ni ndefu, na tarehe inaweza kuahirishwa kwa sababu ya kikohozi tu. Ukianza kufuatilia siku ya kuzaliwa umeshachelewa kwa upande wa msamaha.

DaktariMsaidizi

BabaWaWatatu amesema vizuri. Miaka minne na nusu ni umri mzuri kitabibu na kifedha kwa pamoja. Mwambie mzee wa nyumba, Mama Nasra, huenda likamtuliza: akisubiri mwaka mmoja, dirisha la msamaha bado liko wazi.

NesiWaKliniki

Naomba nizungumzie sarafu, kwa sababu nakutana nayo kliniki ya watoto kila mara.

Nikimfungua mtoto kile kitambaa, chini ya sarafu nakuta ngozi imelowa, imechubuka, inanuka, na alama ya duara imezama kwenye nyama. Wengine wameshapata kidonda cha usaha. Mtoto mchanga ambaye kitovu hakijakauka ndiyo hatari zaidi, vijidudu vinaingia mwilini moja kwa moja. Na mkanda ukibana, utumbo unaweza kutokeza pembeni ya sarafu ukabanwa hapohapo bila mtu kuona, kwa sababu kimefunikwa.

Wanaosema sarafu ilimponya mtoto wao hawasemi uongo kuhusu walichokiona. Kitovu kilizama kweli. Kingezama hata bila sarafu, kama cha mtoto wa Chande hapo juu.

Mama Nasra, mama mkwe wako usimbishie mbele za watu. Nenda naye kliniki. Mara nyingi bibi akionyeshwa tundu kwa kidole chake mwenyewe, akasikia ule ukingo, anakuwa mlinzi mzuri kuliko wote. Yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

Mwana_Pangani

Sisi huku tumelelewa na imani kwamba kitovu cha mtoto wa kiume kikidondokea sehemu za siri, au kikibaki kikubwa, akikua hatakuwa na nguvu za kiume. Mke wangu analia kwa ajili ya hili, mtoto ana miezi mitano na kitovu kinatokeza. Kuna ukweli?

NesiWaKliniki

Hakuna kaka. Tundu la kitovu na nguvu za kiume havina mshipa wowote unaoviunganisha. Mtoto wa miezi mitano ndiyo kwanza ana muda mrefu wa kufunga. Mwambie mama amnyonyeshe kwa raha, na ampeleke kliniki kwa tarehe zake.

DawaAsilia_Original

Ngiri ya aina zote inatibika bila kisu. Mizizi ya kunywa na ya kupaka. Njoo inbox.

DaktariMsaidizi

Ndugu, mtu akija inbox na mtoto ambaye utumbo umebanwa, utampa mizizi anywe? Tundu kwenye ukuta wa tumbo halizibwi na kitu cha kunywa, iwe mizizi yako au vidonge vyangu. Hospitali pia hatuna dawa yake. Kuna kusubiri lifunge au kulishona. Naomba wasimamizi wauangalie ujumbe huu.

Mwalimu_Darasa_la_Kwanza

Kuna jambo halijatajwa. Mimi nafundisha darasa la kwanza. Mwaka juzi nilikuwa na mtoto wa kike mwenye kitovu kikubwa, wenzake wakimbonyeza na kumcheka wakati wa michezo. Akawa hataki kuvua sweta hata jua la saa saba. Mama yake aliambiwa hospitali kwamba hakuna hatari, kwa hiyo akaona ni kujisumbua.

Nauliza wataalamu: mtoto akiwa hana maumivu, lakini anateseka namna hiyo, ni sababu ya kutosha kupasuliwa?

DaktariMsaidizi

Inatosha kabisa, mwalimu. Mtoto wa miaka sita ambaye tundu liko wazi tayari amevuka umri wa kusubiri, na kama amefikia kuficha mwili wake, hiyo ni dalili, iandikwe kwenye rufaa. Nisingesema hivyo kwa mtoto wa mwaka mmoja ambaye wazazi wake hawapendi tu muonekano.

Mama_Ilala_Boma

Mimi wangu alifanyiwa akiwa na miaka mitano na nusu, tundu lilikuwa limegoma. Naeleza siku yenyewe maana najua woga wa nusu kaputi.

Kabla ya tarehe walimpima damu, wakampima na selimundu, maana mwenye selimundu anaandaliwa tofauti kabla ya usingizi. Mara ya kwanza tulirudishwa nyumbani kwa sababu alikuwa na mafua na kifua kinakoroma. Niliudhika, lakini mtaalamu wa usingizi alinieleza kwamba mtoto mwenye mafua njia ya hewa inaweza kubana akiwa usingizini. Tukarudi akiwa mzima.

Usiku hakula. Chakula kilisimama saa sita kabla ya upasuaji, maji ya kawaida waliruhusu mpaka saa mbili kabla. (Kwa anayenyonya walisema ziwa saa nne kabla.) Nilimshika mkono mpaka akalala. Walikata mstari mdogo wa kupinda chini ya kitovu, wakashona tundu, wakakishikiza kitovu ndani kibonyee. Upasuaji wenyewe haukufika hata saa moja. Alitoka analia njaa, jioni tukaenda nyumbani na paracetamol. Hakuna uzi wa kutoa, unayeyuka. Kazi ngumu ilikuwa kumzuia kuruka ruka.

Nilidhani watamwekea wavu kama mtu mzima. Waliniambia mtoto hawekewi, anashonwa tu.

MamaNasra

Dada yangu, Mungu akubariki. Nimesoma hii kwa sauti, baba yake akisikiliza.

MwanaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Uzi ni wa watoto, lakini niruhusuni. Mimi ni mama wa watatu. Henia ya kitovu ilinitokea mimba ya pili, ya tatu ikaongezeka. Sasa ni kama ndimu, ikirudi nikilala. Huuma nikibeba mtungi wa maji au nikisimama jikoni muda mrefu. Mimi na mume wangu twataka mtoto mmoja zaidi. NHIF, bima ya afya ya huku Kenya, ilipoondoka nilijisajili SHA iliyochukua nafasi yake, kwa hivyo nataka kujua nijipange vipi. Nifanye sasa ama baada ya kuzaa?

DaktariMsaidizi

Karibu bibie. Kwa mtu mzima hesabu inabadilika, kwa sababu tundu la mtu mzima halijifungi. Litabaki hivyo au litapanuka. Na likikwama, hatari ni kubwa kuliko kwa mtoto. Dogo lisilouma unaweza kuliacha huku unaliangalia, lakini lako linauma na limekua, kwa hiyo la kushonwa ni la kushonwa. Swali lako ni la wakati tu.

Mimba inayofuata itausukuma tena ukuta wa tumbo, na ngiri iliyoshonwa kabla ya mimba ina uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi. Ndiyo maana madaktari wengi watakuambia: kama dalili zinavumilika na mtoto wa mwisho mnamtaka karibuni, zaa kwanza, acha miezi kadhaa misuli ijirudi, ndipo ushonwe. Kama mimba mnaipangia miaka mingi mbele, au maumivu yanakuzuia kazi, usijitese kwa kungoja. Na ukishika mimba nayo ikakwama, inashonwa hivyohivyo ukiwa mjamzito, dharura haina kalenda.

Hakikisha pia ni tundu kweli. Lala chali, inua kichwa. Kama kinachoinuka ni mwinuko mrefu wa wima katikati ya tumbo bila tundu, hiyo ni misuli iliyoachana kwa sababu ya mimba, haibani utumbo.

Ukifikia kushonwa, muulize daktari kuhusu wavu, wenyewe wanauita meshi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 300 wa Uholanzi, Ujerumani na Italia wenye tundu la sentimita 1 hadi 4. Walioshonwa kwa uzi peke yake, ngiri iliwarudia asilimia 12. Waliowekewa wavu, asilimia 4. Kwa tundu la chini ya sentimita 1 uzi bado unatumika sana. Lako, kwa unavyolieleza, linahitaji mazungumzo hayo kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Wavu unahitaji mahali safi, na utumbo ukiwa umeshaoza daktari anaweza kulazimika kuuacha. Ndiyo maana nawahimiza watu wazima wafanye kwa mpango, mchana, wakiwa na afya.

MwanaMvita

Shukran sana. Mwaka huu ama ujao twategemea majaaliwa, basi nitangoja, lakini sitabeba mtungi tena. Hizo dalili za kukwama ni zilezile za mtoto?

DaktariMsaidizi

Ni zilezile. Na kama una uvutaji wa sigara au uzito mkubwa, anza kuushughulikia sasa, kidonda kitakushukuru.

Sengerema_Mjini

Na mtu mwenye maji tumboni? Baba yangu ana ini limeharibika, wanasema ni kichocho cha siku nyingi. Kitovu kimetoka na ngozi imekuwa nyembamba inang'aa.

DaktariMsaidizi

Pole sana. Huyo asiende kwa daktari wa upasuaji peke yake, aanzie kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Maji yasipodhibitiwa kwanza, mishono haishiki na kidonda kinavuja. Ila ngozi inayong'aa inanitia wasiwasi. Aonwe wiki hii. Ikianza kutoa maji au ikipasuka, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi ya chumvi ya hospitali kama mnayo, mkimbizeni saa hiyohiyo.

MamaNasra

Wakuu, mrejesho. Nimerudi kwa yule daktari wa pili, nikaenda na mama mkwe kama nesi alivyonishauri. Tundu lina sentimita 1 na kidogo, ameandika kwenye kadi. Alimpa bibi akaligusa mwenyewe. Amesema turudi baada ya miezi sita, likiwa limesimama palepale atatuandikia rufaa mapema tuwahi kabla ya miaka mitano. Bibi ameuliza maswali kuliko mimi. Hajasema kitu kuhusu sarafu tangu tutoke, ila leo asubuhi nimemkuta amemlaza mjukuu anamwangalia kitovu kama kimerudi.

NesiWaKliniki

Safi sana. Mwachie namba ya bodaboda wa mtaani anayepokea simu usiku, na yeye awe nayo kwenye simu yake.

Fundi_Makambo

Samahani nimechelewa kuuona uzi. Mimi ni fundi wa matofali, ngiri ya kitovu ninayo, nimepewa barua ya rufaa, lakini nakohoa usiku na nimepungua uzito. Niende hivyohivyo?

DaktariMsaidizi

Usiende hivyohivyo ndugu. Anza na kipimo cha makohozi, TB inapimwa bure zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kila ukikohoa unaisukuma ngiri kwa ndani, mshono hautadumu, na usingizi kwa kifua kibovu si salama. Matofali punguza kwa sasa. Barua ya rufaa itunze. Kifua kikishatibiwa nenda nayo, na umwonyeshe daktari majibu ya makohozi. Kitovu kikigoma kurudi kabla ya hapo, sahau utaratibu wote huu, nenda hospitali usiku huohuo.